Asha na Aisha

Wahenga waliposema kwamba jina jema hung'aa gizani hawakuwa wakizungumzia jina apewalo mtoto siku ya saba. Walizungumzia sifa, ambayo mtu huichuma mwenyewe kwa matendo yake. Jina la kupewa ni jambo jingine. Mtu hulikuta limekwisha kuchaguliwa, akalibeba hadi kaburini, na wala hakuulizwa. Kwa hiyo naona ni haki wazee wasumbuke kidogo kabla ya kulitoa.

Mimi nilisumbuliwa na jina binti yangu alipojifungua mtoto wa kike hapa Tanga. Alikuwa mtoto wake wa pili. Wa kwanza hakufikisha arubaini. Sote tulikubaliana kwamba mtoto huyu awe wajina wa marehemu mama yangu, aliyeitwa Asha. Lakini mkwe wangu, kijana msomi na mwenye adabu, aliniomba kwa upole jina liandikwe Aisha. "Baba," aliniambia, "Asha ni Aisha lililokatwa. Kwa nini mtoto aanze maisha na jina pungufu?" Binti yangu alinyamaza, na kunyamaza kwake nilikuelewa. Uamuzi wakaniachia mimi.

Tofauti yenyewe ni herufi moja, na yamkini msomaji atacheka. Walakini walimu hawatacheka, kwa maana wanayajua madaftari yao. Msichana huandikishwa darasa la kwanza kwa jina la Asha, akamaliza kidato cha nne akiwa Aisha, kisha siku ya kutafuta kazi akalazimika kwenda kwa wakili au hakimu kuapa kwamba wasichana hao wawili ni mtu mmoja.

Hoja ya mkwe wangu ilikuwa nzito. Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume, alikuwa bahari ya elimu. Zaidi ya hadithi 2,000 zimepokewa kutoka kwake, na masahaba walimwendea kumwuliza mambo yaliyowatatiza. Tena jina lenyewe lina maana ya mwanamke aishiye. Mzizi wake wa Kiarabu ndio uliotupatia maneno yetu mawili, ishi na maisha. Mswahili asiyejua hata herufi moja ya Kiarabu, akilisikia jina Aisha, husikia ndani yake neno ishi. Katika Asha halisikiki. Kwa wazazi waliokwisha kumzika mtoto mmoja, hilo si jambo la sarufi. Ni dua wanayotaka kuitamka kila wanapomwita mtoto wao, na nani atawalaumu? Hoja hii ilinikosesha usingizi kuliko nyingine zote.

Niliyoshindwa kuyakubali ni yale maneno "lililokatwa" na "pungufu". Lugha yetu ina desturi yake ya kupokea wageni: huwakaribisha, kisha huwavika nguo za nyumbani. Kitab kilipofika pwani kilikuwa kitabu. Maryam akawa Mariamu, Zaynab akawa Zainabu, Ruqayya akawa Rukia, na Fatima katika vinywa vya bibi zetu akawa Fatuma. Hatusemi kwamba kitabu ni kitab kilichoharibika. Aisha naye alivikwa nguo zaidi ya moja. Kwetu akawa Asha. Mombasa na Lamu wako wanaomwita Esha, na sauti hiyo haitushangazi sisi tuliokwisha kufanya khair kuwa kheri na dain kuwa deni. Tukitanguliza mwana, neno la heshima ambalo watu wa pwani waliwaitia mabibi, kama lilivyo katika jina la mshairi Mwana Kupona, tunapata Mwanaisha na Mwanaasha. (Wahindi nao wana Asha lao, lenye maana ya tumaini, ila hilo limetoka Kisanskriti na halina udugu na letu.)

Tena mtu akidai kuirudia asili, na afike huko hasa. Kwa Kiarabu jina hili huanza kwa herufi ain, itokayo kooni. Sauti ya kwanza huvutwa, na mkazo huwa hapo hapo mwanzoni. Sisi tusemapo Aisha hatuna ain wala mvuto, na mkazo tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo kwa maneno yetu yote. Aisha tunayemtamka Tanga ni Mswahili sawasawa na Asha, ila yeye alifika juzi na bado ana vumbi la safari. Nilimweleza hivyo mkwe wangu, naye akacheka, lakini hakushawishika.

Shangazi yake binti yangu alipendekeza suluhu: mtoto aitwe Mwanaisha, ili kila mmoja apate fungu lake. Ni jina zuri, na limebeba heshima ya zamani. Nililikataa kwa sababu moja tu: lisingekuwa jina la mama yangu. Wajina ni mtu wa jina lile lile. Hawi wa jina la jirani yake. Mama hakuitwa Aisha hata siku moja, wala na mumewe, wala na wanunuzi wa vitumbua vyake, wala na mwalimu aliyemsomesha Kurani. Ningempa mjukuu jina la Aisha na kudai kwamba nimemkumbuka Asha, ningekuwa nimemsahihisha marehemu, na mimi si mwalimu wake.

Ilibaki ile dua. Nilimwendea mwalimu mmoja wa chuoni, mzee ajuaye nahau, nikamwuliza kama katika Asha imebaki harufu yoyote ya uhai. Akaniambia kwamba Mwarabu atakaye kusema "aliishi" husema asha, kwa ain na kwa kuvuta sauti ya kwanza. Akanionya nisijidanganye: hicho ni kitenzi cha kiume, si jina la mtu, na Asha yetu haikutokana nacho. Nilimshukuru. Hata hivyo nilirudi nyumbani nimefurahi, nikawapelekea wale wawili maneno yake pamoja na onyo lake, nikaongeza ushahidi wangu mwenyewe: kwamba mama yangu aliishi zaidi ya miaka themanini kwa jina hilo hilo, akazaa saba na akawalea wote saba.

Binti yangu ndiye aliyesema, "Basi na awe Asha." Mkwe wangu aliuliza kama jina hilo halitamletea mtoto aibu mbele ya watu wakubwa, kwa kuwa lina sauti ya kizee. Nikamkumbusha Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 2007 hadi 2012. Huko New York hakuhitaji kuongezewa herufi.

Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Asha. Mkwe wangu humtaja mtoto kwa jina la Aisha anapomwombea dua baada ya sala, wala sijamkataza. Anapomwita aje kula, nimemsikia mwenyewe, husema Asha.