Kupanga Safari ya Kansas City

Baadhi yenu mwajua ya kuwa tangu miaka michache tunakaa Chicago, katika nchi ya Marekani, tukifanya kazi yetu ile ile ya ualimu. Leo twataka kuwaeleza habari za safari tuliyoipanga kwa likizo ya wakati wa joto. Bado hatujaondoka, lakini katika kuipanga tu tumejifunza jambo tusilolitazamia.

Mtoto wetu, mwenye umri wa miaka 12, apenda sana besiboli, yaani mchezo wa gongo na mpira mdogo mgumu. Jioni moja ya mwezi wa Mei alirudi kutoka mazoezini, akavua kofia yake, akaiweka mezani asiseme neno. Mama yake alipomwuliza, akajibu, "Mama, katika timu yetu mweusi ni mimi peke yangu. Wenzangu wanasema mchezo huu si wetu. Labda niache." Tulikosa la kumwambia. Sisi tulilelewa na kandanda. Besiboli tuliijua kwa kumtazama yeye tu.

Basi tulidhani kwamba safari itampa moyo. Akiba yetu ilikuwa dola 900. Yeye alitaka New York, kwa kuwa sifa za timu ya huko zimeenea pote. Tulipohesabu nauli na malazi tukaona fedha zitakwisha kabla ya siku ya tatu. Ndipo mzee mmoja, mwalimu mwenzetu aliyezaliwa Missouri, aliposema, "Nendeni Kansas City." Kusema kweli, tulicheka. Ni nani aendaye kutembea Kansas City? Walakini wahenga walinena: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mji ule haujitembezi.

Tukaanza kupanga. Neno la kwanza ni ratiba. Timu kubwa hucheza michezo 162 kwa mwaka, nusu yake nyumbani. Asiyetazama ratiba aweza kufika akute uwanja mtupu. Tulichagua siku mbili za mwezi wa Julai, na mchezo wa usiku, maana jua la huko wakati ule ni kali. Uwanja wao ulifunguliwa mwaka 1973, nao una chemchemi zirukazo maji nyuma ya wachezaji. Uko mbali na katikati ya mji, kwa hiyo motakaa ni lazima. Njia kutoka Chicago hupita kilomita 800, nayo huvuka mto Mississippi. Ni mwendo wa saa 8 hivi, bila kuhesabu kupumzika.

Neno la pili lilikuwa malazi. Tuliketi mezani na simu, tukilalamika ya kuwa hoteli ni nyingi mno, hatujui tuchague ipi. Yule mzee alikuwapo. Akatabasamu, akasema zamani shida haikuwa kuchagua. Akatueleza habari za kitabu alichoanza kukitoa Victor Green wa New York, mpeleka barua, mwaka 1936, kuwaonyesha wasafiri weusi nyumba zitakazowapokea. Maana mahali pengi walifukuzwa mlangoni. Wachezaji weusi wa besiboli walisafiri hivyo hivyo, na pasipokuwa na nyumba walilala ndani ya basi lao.

Mtoto aliposikia neno "wachezaji" akainua kichwa. "Wachezaji gani?"

Tangu usiku ule mpango ukawa wake. Alisoma mwenyewe, akatusomea na sisi. Mwezi wa Februari mwaka 1920, Rube Foster, mtu mweusi mwenye timu katika Chicago hii hii tunayokaa, alikwenda Kansas City, akakutana na wenzake katika jengo moja la barabara ya Paseo, wakaanzisha shirika lao la timu za weusi, kwa kuwa zile kubwa ziliwakataa. Timu ya Monarchs ya Kansas City ilicheza usiku kwa taa za kuchukuliwa mwaka 1930, miaka mitano kabla ya timu kubwa kuwasha za kwao. Jackie Robinson aliichezea mwaka 1945, kabla hajavunja ule mpaka huko Brooklyn mwaka 1947. Buck O'Neil, aliyekuwa kiongozi wao, alikuwa akisimulia jinsi basi lao liliposimama kununua petroli, na mwenye duka akamkataza Robinson kuingia chooni. Robinson akamwambia basi aondoe mpira wa mafuta, watanunua kwingine. Yule mtu akafikiri faida yake, akamruhusu.

Makumbusho ya wachezaji hao yamo mjini humo. Ndani yake zimesimamishwa sanamu za shaba, kila mmoja mahali pake uwanjani. Lakini mgeni huziona kwanza kwa nyuma ya wavu wa waya, na hawezi kuingia kati yao mpaka amalize kusoma habari zao zote. Mtoto ametuagiza tusimharakishe hapo.

Zimebaki siku 9. Jana tulifungua daftari lake tukaona mpango wote umeandikwa kwa mwandiko mzuri: saa ya kuondoka, tiketi, nyama ya kubanika ambayo mji ule husifiwa kwayo. Na mbele ya neno "Petroli", na tena mbele ya neno "Choo", ameandika: "Po pote."

Kama ataendelea na timu yake hajatuambia, nasi hatukumwuliza. Lakini kofia haiko mezani tena. Ndugu zetu mnaopanga safari, msiulize tu ni mji gani wenye sifa. Ulizeni pia ni nani waliopita njia ile kabla yenu, na walilala wapi.