Kibla Ukingoni mwa Bonde

Julai 2023 mwanangu akaaye Marekani alinichukua kwa motakaa, pamoja na mkewe na watoto wao, tukatoka Salt Lake City kuelekea kusini. Tukapita Zion, penye majabali mekundu, kisha tukalala Las Vegas, mji wa kamari uwakao taa usiku kucha jangwani. Humo nalisali peke yangu. Wajukuu walikuwa dirishani wakitazama taa, na baba yao hakuwaita. Nikaingiwa na khofu juu ya dini yao.

Kesho yake tukafika Grand Canyon, ukingo wa kusini. Mto Colorado umelichimba bonde lile kwa mamilioni ya miaka, kwa amri ya Mola. Kina chake chapita mita 1,600. Watoto wakanyamaza. Adhuhuri ilipoingia, mjukuu wangu mdogo akauliza, "Babu, kibla ni upande gani?" Nikamwonyesha kaskazini, kama kwetu Unguja, ila kwa kupinda kidogo mashariki. Basi bonde zima likawa mbele yetu. Mwanangu akavua viatu, akasimama kando yangu. Tukasali qasri, safu moja.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wakaone kazi ya Muumba, nanyi muwe tayari kujibu watakapouliza.