Mama Anasubiri Ndege Doha



Uwanja wa ndege wa Hamad, hapa Doha, huchangamka usiku. Ndege hutua zikifuatana, zikiwamo za kutoka Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Kigali, na kufikia asubuhi abiria walewale wameshatawanyika kuelekea Houston, London, Oslo na Montreal. Mwaka 2024 uwanja huu ulihudumia abiria milioni 52.7. Wengi wao hawajawahi kukanyaga mtaa hata mmoja wa Doha. Wanachokumbuka ni sakafu inayong'aa, maduka ya manukato, na yule dubu mkubwa wa njano, kazi ya msanii Urs Fischer, mwenye kimo cha takriban mita saba, aliyekaa katikati ya ukumbi huku taa imemshuka kichwani.

Hapo kwenye dubu ndipo wasafiri wanapoachana. Wengine hupanda ngazi za umeme kuelekea launji ya Al Mourjan, ya abiria wa daraja la biashara wa Qatar Airways. Wengine, walio wengi, hubaki chini wakitafuta kiti kisicho na mtu, ukuta wenye soketi ya kuchajia simu, au kona ya kujilaza na begi likiwa mto.

Al Mourjan ilianza kazi pamoja na uwanja wenyewe, mwaka 2014. Ina takriban meta za mraba 10,000, yaani ni pana kuliko uwanja wa mpira wa miguu. Ndani kuna bwawa la maji, migahawa, mabafu ya kuogea, vyumba vya swala, vyumba vya kulala kidogo, na mahali pa watoto kuchezea. Anayefika hapo baada ya saa kadhaa za kukaa angani anaweza kuoga maji ya moto, kubadili nguo, kula chakula cha maana, kisha kujinyoosha mpaka ndege yake iitwe. Abiria wa daraja la kwanza nao wana launji yao, Al Safwa, ambako utulivu ni mkubwa zaidi na watu ni wachache zaidi.

Jambo hili la kuwatenga wasafiri wanaosubiri lina historia. Mwaka 1939, uwanja wa LaGuardia ulipofunguliwa New York, rais wa American Airlines, C. R. Smith, alianzisha humo klabu iliyoitwa Admirals Club. Kuingia kulikuwa kwa mwaliko. Kampuni ndiyo iliyochagua nani aitwe admirali na nani akae nje na mizigo yake, na kwa miaka mingi mambo yalikwenda hivyo kabla uanachama haujaanza kuuzwa kwa yeyote mwenye pesa. Mashirika mengine yaliiga. Leo ni vigumu kukuta uwanja mkubwa wa kimataifa usio na launji kadhaa, kila moja na masharti yake.

Masharti hayo ndiyo yanayowachanganya watu. Njia ya kwanza ya kuingia ni tiketi ya daraja la biashara, ingawa hata hiyo ina mtego: tiketi za bei ya chini kabisa za daraja hilo kwenye Qatar Airways, ziitwazo Business Lite, hazina launji ndani yake. Njia ya pili ni kusafiri mara nyingi. Mashirika yameungana katika makundi matatu makubwa. Kenya Airways wamo SkyTeam tangu mwaka 2010, Ethiopian wamo Star Alliance tangu 2011, na Qatar Airways waliingia oneworld mwaka 2013. Mwenye ngazi ya juu ya uanachama katika shirika mojawapo huingia launji za wenzake wa kundi hilo hata akiwa na tiketi ya daraja la kawaida, na mara nyingi huruhusiwa mgeni mmoja. Ndiyo maana mtu wa mashirika ya kimataifa, anayeruka Geneva na Nairobi kila mwezi, huonekana akipita mlangoni na tiketi ya bei rahisi kama mtu anayeingia kwake.

Njia ya tatu ni kadi. Priority Pass ilianzishwa Uingereza mwaka 1992, na sasa inafungua zaidi ya launji 1,000 duniani. Huko Marekani uanachama wa kawaida umekuwa ukiuzwa dola 99 kwa mwaka, na juu yake dola 35 kila unapoingia. Wengi hawalipi moja kwa moja. Wanaipata ikiwa imefungwa ndani ya kadi za benki za daraja la juu, na baadhi ya benki za Kenya na Tanzania nazo huwapa wateja wao wakubwa huduma ya aina hiyo.

Njia ya nne ndiyo isiyosemwa sana, nayo ndiyo inayowafaa watu wa kwetu kuliko zote: kulipia launji kwa siku hiyo tu. Hapa Doha launji za Al Maha hupokea abiria wa daraja lolote kwa malipo. Hakuna uanachama, hakuna kadi, hakuna maili za kukusanya.

Sasa mtazameni mama mmoja wa Tanga, mwenye miaka sabini na kitu, aliyekuwa safarini kwenda Houston kumwona mjukuu wake. Kutoka Dar es Salaam alikaa angani kama saa sita. Mbele yake kulikuwa na safari nyingine ya takriban saa 16. Katikati, saa nane za kusubiri. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, khanga imefunika mkoba mapajani, na ndani ya mkoba pasipoti, dawa za presha na bahasha ya kaki yenye namba za simu. Miguu ilikuwa imevimba hadi mikanda ya ndara imeacha alama. Kwenye kadi yake ya kupandia ndege paliandikwa 08:00, naye akaisoma kama saa nane. Kwa hiyo tangu saa saba usiku alikuwa ameganda karibu na geti ambalo bado halikuonyesha chochote, akiogopa hata kwenda msalani asije akaachwa. Hakuwa amekula. Hakuwa na riyali, na hakuna aliyemwambia kwamba maduka ya pale yanapokea dola.

Mwanawe, kule Houston, ana kadi inayoingia launji nyingi za dunia. Lakini kadi ya namna hiyo hufuata jina lililoandikwa juu yake, na mwenye jina lazima awepo mlangoni na kadi yake ya kupandia ndege. Akiwepo anaweza kuingia na wageni. Asipokuwepo, mama yake ni abiria kama abiria mwingine. Kijana alijua kutafuta tiketi ya bei nafuu, alijua kumwombea mama viza, alijua hata kumnunulia koti la baridi. Saa nane za Doha hazikumjia akilini.

Hali hii inaumiza kwa sababu inajirudia kila msimu wa likizo, na si kwa ubaya wa mtu. Vijana wa ughaibuni wamezoea viwanja vya ndege; wao wanaweza kulala sakafuni na kuamka wazima. Wanasahau kwamba mama hajazoea, na kwamba mgongo wa miaka sabini haufanani na wa thelathini. Aliyezoea safari ndiye mwenye kadi, na anayeelemewa na safari hana hata habari kwamba mlango upo.

Aliyemwokoa mama yule alikuwa kijana anayesukuma viti vya magurudumu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Kumbe wasema Kiswahili? Watoka wapi?"

"Malindi, mama. Ndege yako saa ngapi?"

Akaitazama ile kadi, akamweleza kwamba ni saa mbili asubuhi, si saa nane usiku, na kwamba ana muda mwingi. Kisha akamwonyesha kitu ambacho abiria wengi hukipita bila kukiona: vyumba vya utulivu, vya bure, vyenye viti vya kulalia, ambavyo baadhi vimetengwa kwa wanawake. Mama akavua ndara, akaweka mkoba tumboni, akalala hadi alfajiri. Mlango wa pili kutoka hapo aliweza kutawadha na kuswali.

Vijana wa namna hiyo ni wengi Doha. Wakenya na Waganda wamejaa katika kazi za ulinzi, usafi na huduma kwa wageni nchini Qatar, bega kwa bega na Wanepali, Wahindi na Wafilipino. Mshahara wa chini kwa mujibu wa sheria iliyoanza kutumika Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, pamoja na riyali 500 za malazi na 300 za chakula pale mwajiri asipovitoa mwenyewe. Riyali 1,000 ni kama dola 275. Ukichukua ile bei ya dola 35, kuingia launji mara nane kunameza mshahara huo wote. Mhudumu anayepita launjini na sahani ya matunda akasikia Kiswahili kinazungumzwa mezani hugeuka, na msafiri anayejua adabu humwamkia, humuuliza kwao, humuuliza zamu inaisha saa ngapi. Hilo halipunguzi ugumu wa kazi. Lakini kupita mbele ya mtoto wa nyumbani kana kwamba ni sehemu ya samani ni aibu.

Nje ya launji, uwanja wa Hamad una vya bure zaidi ya vile vyumba. Tangu Novemba 2022 kuna bustani iitwayo Orchard, meta za mraba 6,000 chini ya paa la vioo, yenye miti zaidi ya 300. Wazee wanaopata shida ya kukaa penye viyoyozi na taa kali hujisikia nafuu hapo. Intaneti ni ya bure, kuna michezo ya watoto, kuna vyumba vya swala. Msafiri asiye na launji hapaswi kujiona ametupwa. Shida ni kwamba mambo hayo yote yameelezwa kwa Kiarabu na Kiingereza, kwenye vibao ambavyo mtu aliyechoka hasomi.

Ikumbukwe pia kwamba launji zenyewe zinajaa. Huko Marekani kadi zimegawiwa watu wengi mno hata foleni zikatoka nje ya milango. American Express walianza Februari 2023 kutoza dola 50 kwa kila mgeni anayeletwa na mwenye kadi ya Platinum kwenye launji zao za Centurion, isipokuwa kwa anayetumia dola 75,000 kwa mwaka. Delta nao, kuanzia Februari 2025, wakawawekea wenye kadi ya Reserve kikomo cha siku 15 za kuingia launji kwa mwaka. Kwa hiyo anayetegemea kadi ya mwanawe au ya shemeji asome masharti ya mwaka huu, si ya mwaka aliokatiwa kadi.

Na kuna usiku ambao launji haimsaidii mtu. Jioni ya tarehe 23 Juni 2025 Iran ilirusha makombora kuelekea kambi ya kijeshi ya Al Udeid, iliyoko Qatar, nayo Qatar ikafunga anga lake kwa saa kadhaa, na maelfu ya abiria wakakwama, wa ngazi zote. Katika usiku kama huo chenye thamani ni simu yenye chaji, dawa zilizo mkobani badala ya begi lililokabidhiwa kaunta, na namba ya mtu atakayepokea.

Basi kwa mnaojiandaa kusafirisha wazazi. Siku ya kukata tiketi, tazameni kwanza muda wa kuunganisha ndege. Ukizidi saa nne, lipieni launji mtandaoni kwa jina la mzazi mwenyewe, jinsi lilivyo kwenye pasipoti, na hakikisheni saa zinazoruhusiwa, kwani nyingi zina kikomo. Ombeni kiti cha magurudumu siku hiyohiyo, hata kama mama anatembea vizuri. Umbali kutoka geti hadi geti pale Hamad unamchosha hata kijana. Msidanganywe kulipia huduma hiyo: kwa ndege zinazoingia au kutoka Marekani, sheria ya mwaka 1986 ya abiria wenye mahitaji maalumu inakataza kuitoza pesa, na inayabana pia mashirika ya kigeni.

Kisha andikeni karatasi moja, kwa herufi kubwa, na nakala yake kwa Kiingereza: jina la mama, namba ya ndege ya pili, jina la launji, dawa anazotumia, namba mbili za simu. Saa za Doha ni sawasawa na za Dar es Salaam na Nairobi, kwa hiyo mama asiguse saa yake ya mkononi. Ila pale palipochapwa 08:00, mwandikieni kwa kalamu pembeni: saa mbili asubuhi.