Kupanda Shighatini na sukari mfukoni

Kutoka Mwanga hadi Shighatini, Ugweno, ni kupanda tu. Nilidunga insulini asubuhi, nikanywa chai tupu, kisha nikashuka garini mapema nitembee. Kwenye migomba mikono ikatetemeka, jasho likanitoka ingawa kulikuwa na baridi.

“Mjukuu wangu, umelewa mchana huu?” bibi mmoja aliniuliza.

“Hapana bibi, sukari imeshuka.”

Kipimo kilisoma 3.1. Akanikorogea vijiko vinne vya sukari kwenye maji. Baada ya dakika 15 kikasoma 4.6, akanipa makande.

Ndugu msomaji unayetumia insulini, mlima nao hushusha sukari. Kula kabla ya kupanda, beba glukosi, mweleze mwenzako dalili zako. Ukizimia asikunyweshe chochote, akukimbize hospitali.