Ncha ya Kebo na Dhamana ya Umma

Mimi si mhandisi. Ninafundisha sera za umma, na kwa miaka mingi nimewazoeza wanafunzi wangu kuutafuta udhaifu wa mradi katika bajeti, katika sheria na katika mwenendo wa viongozi. Leo naomba tuutafute mahali padogo zaidi: pale kebo ya umeme inapofungwa kwenye betri.

Mwaka jana, katika shule moja ya kijijini ambayo sitaitaja, taa za bweni la wasichana zilizimika miezi michache tu baada ya mfumo wa sola kukabidhiwa. Kila aliyeulizwa alizilaumu betri. Nilikuwapo kama mzazi siku fundi kijana alipokuja kuukagua mfumo. Alibandua utepe mweusi uliozungushwa kwenye kiungo, akanionyesha plastiki iliyoyeyuka.

"Dokta, betri ni nzima," alisema. "Kilichoungua ni hiki. Tungechelewa kidogo, tungezungumzia moto."

Kebo ya betri hufumwa kwa nyuzi nyembamba ili ipindike kwa urahisi. Kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60228, kebo ngumu ya shaba ya milimita 35 za mraba, daraja la 2, yaweza kuwa na nyuzi 7 tu. Ile laini ya daraja la 5 haina uzi unaozidi kipenyo cha milimita 0.41, hivyo nyuzi zake hupita 250. Fungu hilo hunenepa kuliko shaba ya kebo ngumu, na aghalabu haliingii katika lagi, yaani kichwa cha shaba, iliyotobolewa kwa ajili ya kebo ngumu. Aliyefunga mfumo ule alikuwa amekata sehemu ya nyuzi ili zilizobaki ziingie, kisha akaigonga lagi kwa nyundo.

Joule alikwisha kuonyesha mwaka 1841 kwamba joto huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme. Inveta inayovuta kilowati 5 kutoka betri za volti 48 hupitisha ampea zipatazo 104. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.001 hutoa joto la wati 11 hivi. Ukinzani ukifika omu 0.01, joto huwa wati 108, kama balbu kubwa ya zamani, ndani ya kitu kisichozidi kidole gumba. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dawa yake inajulikana. Lagi iwe ya ukubwa na daraja la kebo yenyewe. Nyuzi zote ziingie bila kukatwa hata moja. Ibanwe kwa koleo maalumu lenye taya zinazolingana nayo. Ivutwe kwa nguvu kuijaribu. Na nati ikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji. Kuzifunga nyuzi hizo moja kwa moja chini ya skrubu hakufai, kwani hutawanyika na skrubu ikalegea. Kuzitia risasi hakuziokoi, maana risasi hujongea polepole inapokandamizwa.

Sasa turudi katika somo langu. Niliomba kuiona orodha ya vifaa vya mradi ule. Paneli zilikuwamo, betri, inveta, hata urefu wa kebo. Lagi hazikutajwa, wala koleo la kubania. Waliopokea mradi walihesabu paneli, wakawasha taa, wakatia saini. Fundi aliyetumia nyundo hana udhuru, lakini mkataba ulimlipa kwa taa kuwaka siku ya makabidhiano, na taa ziliwaka.

Kwa watumishi wa umma ninaowaandikia, ombi langu ni jepesi. Andikeni lagi na daraja lake katika zabuni, na mtake koleo liwepo kazini. Viungo vikaguliwe kabla ya kufunikwa, kisha joto lake lipimwe baada ya saa moja ya matumizi kamili. Nanyi wanaharakati, mnapoalikwa kwenye uzinduzi, mwombeni mkandarasi afunue kiungo kimoja mbele ya wananchi. Akisita, ahirisheni makofi.