Nani Alichimba Hapa?

Ukungu wa Nunguni hauna haraka ya kuondoka. Asubuhi hiyo ya Aprili nilikuwa jikoni kwa mama, kompyuta mapajani, nikisoma ujumbe kutoka zahanati moja. Programu yetu ilikuwa imebadilisha nafasi ya siku na mwezi: 5/4 ikawa tarehe 4 Mei. Mgonjwa aliyekuja siku yake kuchukua dawa aliambiwa arudi mwezi ujao. Akaenda zake.

Nilijua hitilafu ilipopitia. Programu hiyo ni huria, na sisi wakaguzi wa msimbo tunajitolea tu. Kijana mmoja alileta mabadiliko, nikapangiwa niyakague. Yakakaa wiki tano. Aliponikumbusha mara ya tatu nikaona aibu, nikabonyeza "sawa" usiku wa manane bila kusoma.

"Lakini mama, kwani wananilipa?"

Mama akacheka. "Na sisi wa mwethya, nani alitulipa?"

Mitaro ya fanya juu kwenye milima hii ya Kilungu, mingi ilichimbwa na vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake. Kila mtu alipimiwa kipande chake. Udongo unatupwa upande wa juu, unakuwa tuta. Ukiacha kipande kimoja, maji ya mvua yatapita hapo hapo, yabomoe shamba la aliye chini yako. Kwa hivyo baada ya mvua walizunguka wakiuliza: nani alichimba hapa?

"Mgonjwa alituma mtu aseme hawezi," mama alisema. "Huyo hatukumtoza kitu. Tulimtoza aliyenyamaza."

Nilikuwa na mfano wa kujitetea. OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano mengi ya intaneti, iliingiwa na hitilafu ya Heartbleed mwisho wa mwaka 2011. Msimbo ule ulikaguliwa, mkaguzi hakuiona, ikakaa hadi Aprili 2014. Hata wakubwa hukosea, si ndiyo? Lakini yule alitazama akakosa kuona. Mimi sikutazama.

Nikawaandikia wenzangu nilichofanya, kwa jina langu. Nikamwomba yule kijana msamaha. Kisha nikapendekeza sheria: mkaguzi ana siku 7 za kusema nimesoma, au naomba muda, au mpeni mwingine. Akinyamaza, jina lake litoke kwenye orodha mpaka aombe tena kurudi. Mwenzetu mmoja akauliza kama nataka kuwafukuza watu wanaotusaidia bure. Swali zuri. Nikamjibu kwamba yule mgonjwa naye alipanda gari kwa nauli yake.

Sheria ikapita. Wiki mbili baadaye nikapangiwa kazi nyingine, na nilikuwa nimebanwa kweli kweli. Nikaandika: siwezi, mpeni mwingine.

Haikunichukua hata dakika moja.