Deni la Kikombe cha Kahawa

Hapa Gilgil ninapofundisha si mbali na Solai na Subukia, ambako kahawa hulimwa. Mkulima huchuma kilo 6 au 7 za matunda ili apate kilo 1 ya kahawa iliyokobolewa. Tangu mwaka 1988, nembo ya Max Havelaar ilipoanzishwa Uholanzi, wako wanunuzi watakao mkulima alipwe kwa haki. Wengine hugharimia miti, ili ifyonze hewa ya ukaa iliyotolewa na meli na viwanda. Wazo hilo ni jema. Lakini moshi hutoka leo, na mche hukua kwa miaka mingi. Ukikauka, deni limebaki pale pale. Na dawa ya deni ni kulipa. Kwa hiyo nasema: kwanza moshi upunguzwe, kisha mtunza mti apate ujira wake, sawa na mchuma kahawa.